Mrejesho: Blanketi la viraka limekamilika

Habari zenu wapendwa. Mwezi jana niliuliza hapa mbona cherehani yangu inaruka mishono nikishona blanketi la viraka, na mbona shuka la chini linajikunja kila nikifika katikati.

Aliyesema nibadilishe sindano, Mungu ambariki. Nilikuwa natumia namba 11, ile ya blauzi, ilhali hapo kuna kitenge juu, blanketi kuukuu katikati na shuka chini. Nilinunua namba 16, iliyo nene zaidi, sokoni Kibuye, nikairefusha mishono kidogo, na tangu siku hiyo hairuki.

Kujikunja ndiko kulikonitesa. Dada mmoja alinishauri nilivute shuka sakafuni, nilibandike kingo kwa selotepu, nitandaze tabaka nyingine juu, halafu nipige bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kwa mkono kuanzia katikati kwenda pembeni. Kwetu watoto ni wanne na sebule ni hiyo moja, kwa hivyo nilingoja walale, nikaisogeza meza, nikashona nikiwa nimepiga magoti hadi saa sita usiku. Asubuhi mama mkwe alilipapasa lote kwa kiganja na kusema, "Hili limelala vizuri."

Katikati niliweka mfuko wa sare ya chekechea ya kifungua mimba wangu. Doa la wino bado lipo, sikutaka litoke. Kitinda mimba huingiza mkono humo ndipo alale.

Jumapili naenda kutafuta mabaki ya leso, wa pili naye anataka lake.