Nguo za wanasesere wa kukusanya: kuagiza nje, kumpa fundi wa hapa, au kushona mwenyewe?

BintiMeru

Habari zenu, wapenzi wa wanasesere wa Arusha na Moshi. Mwisho wa mwezi huu nitakuwa na shilingi 250,000 nilizoziweka kando kwa ajili ya kuwavalisha wanasesere wangu, ambao hadi leo wanavaa nguo zile zile walizokuja nazo, na wawili kati yao walinifikia bila nguo kabisa. Nimekwama kati ya njia tatu: kuagiza fungu la nguo zilizo tayari kutoka China, ambalo muuzaji amekubali kunishikia hadi Jumamosi, kumpelekea fundi wa hapa mjini vitambaa na picha, au kununua cherehani ndogo nijifunze mwenyewe. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie, hasa kwa upande wa gharama na uimara.

Fundi wa Ngarenaro

Karibu, mwanangu. Umeuliza vizuri, ila umeacha jambo ambalo fundi yeyote atakuuliza kabla hajashika mkasi. Hao wanasesere ni wangapi na wana kimo gani? Barbie wa kawaida ana sentimita 29 hivi, American Girl anakaribia 46, na nguo ya mmoja haimwingii mwingine hata kwa kulazimisha. Tena utuambie kama wanakaa kabatini tu au unawabadilisha nguo mara kwa mara, kwa kuwa nguo ya kutazamwa inaweza kubanwa kwa pini mgongoni na asijue mtu, ilhali nguo ya kuvaliwa na kuvuliwa inataka mshono wa kweli.

Mkusanyaji wa Njiro

Ninaunga mkono maswali ya fundi na kuongeza langu: wametengenezwa kwa vinaili, ile plastiki laini, au kwa rezini, ile ngumu na nzito? Ushauri hauwezi kuwa mmoja kwa wote.

Kabla ya yote, dada, hizo nguo walizokuja nazo zivue, zifunge kwa karatasi nyeupe, uandike ni za nani, uzihifadhi. Mkusanyaji mwenzako atakayetaka kununua siku moja ataziulizia hizo kwanza, pamoja na viatu, na kiatu kimoja kikipotea thamani inashuka.

Kuhusu njia, mimi nasimamia nguo chache zilizoshonwa vizuri. Barbie alipooneshwa mara ya kwanza mjini New York mwezi Machi 1959, yeye mwenyewe aliuzwa dola 3 tu. Biashara ilitegemea nguo, ambazo zilibuniwa na Charlotte Johnson na kushonwa Japani, nyingine zikiwa na bitana na zipu ndogo kabisa. Hizo bado zinatafutwa leo. Sijaona mtu anayetafuta nguo za fungu la vipande thelathini kwa bei ya chakula cha mchana.

MamaKibo

Hamjambo huko Arusha. Mimi niko Moshi, na ninashangaa hamjataja mitumba. Sokoni Memorial ninapata mashati ya pamba nyepesi, tai za hariri, skafu zenye maua madogo na nguo za watoto wachanga, kwa bei ambayo hainisumbui hata nikiharibu kipande. Soksi moja ya mtoto inatoa sweta la Barbie: unakata kisigino, unatoboa matundu ya mikono, na ule ukingo wa juu uliosukwa unakuwa shingo. Tai ya hariri inatoa sketi ambayo huwezi kuipata dukani. Nina pia mwanasesere wa kitoto mwenye sentimita 50, na huyo anavaa nguo za mtoto mchanga kama zilivyo, bila sindano. Binti, usitume fedha nje kabla hujapita sokoni.

BintiMeru

Shikamooni, na asanteni. Nilidhani nguo za wanasesere ni kipimo kimoja. Watatu ni Barbie, na mmoja wao ana mapaja na nyonga kubwa kuliko wenzake. Wa nne ana kichwa kikubwa sana na macho yanayobadilika rangi ukivuta uzi. Wa tano ni mrefu, ana viungo vya duara magotini na viwikoni na ni mzito. Huyo alitoka kwa rafiki aliyehama. Nataka niwe ninawabadilisha ninapowapiga picha.

Mkusanyaji wa Njiro

Sasa tunazungumza. Huyo mwenye nyonga ni miongoni mwa maumbo mapya yaliyoanza kuuzwa mwaka 2016, pamoja na lile refu na lile dogo. Suruali ya Barbie wa zamani haitapita mapajani kwake, na viatu vyenye kisigino kirefu havitamwingia. Wa nne ni Blythe, ambaye alitoka kwa muda mfupi Marekani mwaka 1972 na kurudi sokoni kupitia Japani mwaka 2001. Mwili wake ni mwembamba na kifua chake ni bapa, kwa hiyo nguo ya Barbie humlegea juu. Tena nguo ya kuvalia kichwani isahau, ivuliwe na kuvaliwa kwa miguuni au ifunguke mgongo mzima. Wa tano inaelekea ni rezini. Mpime, maana wa aina hiyo wapo wa sentimita 27, wa 43 na wa 60, na kila kiwanda kina kifua chake.

Kwa hali hiyo fungu unaloshikiwa hadi Jumamosi, likiwa la kipimo cha Barbie wa kawaida, litawafaa wawili kati ya watano. Usisahau pia kwamba bei ya muuzaji siyo bei ya mwisho: kuna nauli, na mzigo ukikaguliwa kuna ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Mwanasakina

Naomba nieleze yaliyonikuta, labda yatamsaidia dada kuhusu hilo fungu. Nilinunua kwa muuzaji wa mtandaoni nguo kumi na mbili, picha zake zikiwa safi na maelezo yakisema ni pamba na mahameli. Zilipofika, mishono ilikuwa myembamba na nyuzi zikining'inia, lakini hilo nililivumilia. Nilimvalisha mwanasesere wangu wa vinaili suruali nyeusi ya kubana na gauni jekundu la mahameli, akanipendeza kabatini, naye akakaa hivyo kipindi chote cha masika. Nilipomvua, miguu yake ilikuwa na rangi ya kijivu kuanzia kiunoni hadi vifundoni, na mahali mshono ulipopita pana mstari mweusi kama wa kalamu. Kifuani alikuwa na wekundu ambao mwanzoni nilidhani ni kivuli cha gauni.

Nilimwosha kwa sabuni, haikutoka. Nilisugua kwa dawa ya meno, haikutoka, kwa sababu rangi haikai juu ya vinaili bali inazama ndani: vinaili laini ina mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo huivuta rangi ya kitambaa. Jirani aliniletea asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, nikakataa, kwani asetoni huyeyusha plastiki za aina nyingi na kufuta rangi ya uso. Hatimaye nilitumia krimu ya chunusi yenye benzoyl peroxide, ile inayouzwa duka la dawa, nikapaka penye doa tu na kumweka juani, nikirudia kila ilipokauka. Ilichukua wiki nyingi. Kijivu kilififia, ule mstari wa mshono bado unaonekana ukimsogeza dirishani, na goti moja limekuwa jeupe kuliko lenzake. Muuzaji alinijibu kwamba bidhaa ni ile ile iliyo kwenye picha, jambo ambalo kwa hakika ni kweli.

Tangu hapo kila nguo mpya, iwe ya nje au ya fundi, ninaiweka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa na kuipiga pasi ya moto wa wastani. Kitambaa cheupe kikichukua rangi, nguo inarudi kwenye beseni. Na nguo zote nyeusi, nyekundu na za bluu nzito ninazitilia bitana nyeupe.

Kijana wa Rau

Pole sana, dada. Lakini mbona dawa ni rahisi? Loweka nguo kwenye siki na chumvi usiku mmoja, rangi itashika. Bibi yangu alifanya hivyo kwa kanga zake zote.

Mkusanyaji wa Njiro

Kaka, kwa heshima ya bibi, siki haiishikilii rangi iliyokwisha kupakwa kwenye pamba. Kilichosaidia kanga zake ni kule kufuliwa mara kwa mara hadi rangi ya ziada ilipokwisha. Fua kwa maji ya vuguvugu hadi maji yatoke meupe, na kama hayataki kuwa meupe, kitambaa hicho mpe mtu atengenezee mto.

Kijana wa Rau

Tutakubaliana kutokubaliana, maana kanga zenyewe bado zipo na rangi zake. Mimi niliingia hapa kumshauri BintiMeru ashonewe kwa kitenge. Tunakaa Arusha, mji wa watalii na sanaa, halafu wanasesere wetu wavae kama wanakwenda kazini London? Kitenge kimoja kinatosha wanasesere wote watano na chenji inabaki.

Fundi wa Ngarenaro

Kitenge ni kizuri, mwanangu, lakini hesabu yake ni ngumu. Barbie ni sehemu moja ya sita ya mtu. Ua la kitenge lenye upana wa sentimita 12 likikaa juu yake, ni sawa na mwanamke aliyevaa ua la sentimita 72, yaani ua moja limemfunika kuanzia bega hadi chini ya nyonga. Isitoshe kitenge kipya kina wanga mwingi, na hata ukikifua uzito wake haupungui hadi moja ya sita. Sketi ya marinda itasimama kama mwavuli. Kwa huyo wa rezini, akiwa wa sentimita 60, nitakubali, tena kwa kuchagua pembe ya kitambaa yenye nukta ndogo.

Kanga ndiyo inayowezekana. Kanga ya mtu ina kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo ya Barbie ni 25 kwa 18. Tafuta leso ya mkononi nyembamba yenye pindo la rangi pande zote, uipunguze upande mmoja, utapata pindo na mji bila kuchora chochote. Shuka la Kimasai halisi ni zito na miraba yake ni mikubwa. Badala yake omba mabaki ya kitambaa cha sare za shule chenye miraba midogo, mafundi wengi wanayo chini ya meza na hawatakulipisha.

MamaKibo

Hapo fundi umenena. Na vifungo je? Mimi natumia velkro, ni rahisi kwa vidole vyangu.

Mwanasakina

Mama, velkro inashika nywele za mwanasesere na kuchuna lesi. Tumia vifungo vidogo vya kubonyeza, vya milimita 5.

MamaKibo

Vifungo vya chuma navyo vinapata kutu, mwanangu. Hujaona Barbie wa zamani walivyobadilika kuwa kijani masikioni kwa ajili ya hereni? Velkro laini nyembamba haijanifanyia ubaya wowote, ila funga nywele kwanza.

Fundi wa Ngarenaro

Ndoana ndogo na kitanzi cha uzi. Ubishi umekwisha.

Mwanasakina

Haujaisha, fundi, kwa sababu ndoana inaonekana kwenye picha.

BintiMeru

Naomba turudi kwenye cherehani. Ile ndogo ya betri ya kushika mkononi inafaa?

Fundi wa Ngarenaro

Hapana. Ile hushona kwa uzi mmoja, na uzi mmoja ukikatika mshono wote unafumuka. Cherehani ya kawaida, hata ya kukanyaga, inatosha ukiweka sindano nyembamba namba 9 au 11 na kupunguza hatua ya mshono hadi milimita moja na nusu. Acha ukingo wa milimita 5 tu. Vipande vidogo vishone kwanza ndipo uvikate. Mikono ya gauni iunganishwe begani nguo ikiwa bado bapa, halafu ndipo ufunge ubavu, kwa sababu hakuna kidole kitakachoingia kwenye tundu la mkono la sentimita 2. Kingo zinazotoa nyuzi zipake gundi nyeupe iliyozimuliwa. Ovaloki usipeleke, itakula nguo yote. Ukishona kwa mkono pia si aibu, na kwa kipimo hiki mkono mara nyingi hushinda.

Nikikushonea mimi, sitakutoza kwa ukubwa wa kitambaa. Wateja huja na kipande cha kiganja wakidhani bei itakuwa ya kiganja, ilhali gauni dogo linanila muda kuliko shati la mtu mzima.

Kijana wa Rau

Basi fundi mwenyewe ametaja sababu ya kutokwenda kwa fundi.

Mkusanyaji wa Njiro

Si hivyo. Anayevalisha kwa ajili ya picha anahitaji vipande vinavyochanganyika: sketi mbili, suruali moja, blauzi nne na koti moja kwa kila umbo vinatoa sura nyingi kuliko magauni kumi. Koti na suruali ampe fundi, maana ndizo ngumu. Blauzi na sketi ashone mwenyewe. Viatu aagize, kwani hivyo hakuna wa kuvitengeneza hapa.

MamaKibo

Na kitambaa aje Memorial.

BintiMeru

Nimempima yule wa viungo: ana sentimita 43. Muuzaji naye ameniandikia leo kwamba anaweza kuongeza viatu bila malipo nikichukua fungu lote, na sasa ninasita tena. Swali jingine, nguo zikishakuwa nyingi mnazihifadhi wapi? Nilikuwa nimefikiria kuweka vidonge vya kufukuzia nondo.

Mwanasakina

Vidonge hivyo usiviweke karibu na wanasesere, mvuke wake unaharibu plastiki. Tumia sanduku la kadibodi lenye karatasi nyeupe, mbali na dirisha. Huyo wa rezini hasa umfiche jua, maana rezini hugeuka njano, na ikishageuka haioshwi kama vinaili yangu. Hivyo viatu vya bure uliza ni vya mguu gani.

Kijana wa Rau

Swali la haraka kwa wote: mnawavalishaje mikono yenye vidole vilivyotanuka bila kuchana lesi? Zamani nilifunika kiganja kwa kipande cha mfuko wa plastiki, lakini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019 sina hata mmoja nyumbani.

MamaKibo

Karatasi ya peremende, mwanangu. Ile inayoteleza.