Lipu inabambuka nyumba ya mawe Lamu: chokaa, simenti na kibali cha Makumbusho

ukuta_wa_mkomani

Salaam wanajukwaa. Nyumba ni ya ghorofa moja, mtaa wa Mkomani, ndani ya Mji wa Kale wa Lamu. Kuta ni za matumbawe na zilishapigwa lipu ya simenti. Sasa lipu inabambuka mapande kwa mapande kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Juu, boriti mbili zimelegea pale zinapoingia ukutani. Je, nirudishie chokaa tupu, au nichanganye na simenti kidogo ishike haraka? Na kwa kazi ya ndani tu, lazima nipite ofisi ya Makumbusho ya Taifa?

chokaa_na_kokoto

Wa alaykum salaam ndugu. Usiguse lipu kabla hujajua maji yanatoka wapi. Kagua mlizamu wa paa (mfereji unaomwaga maji ya mvua), bomba la choo, na kama barabara ya nje imepanda kuliko sakafu yako.

Ukuta wa matumbawe hunyonya maji chini na kuyapumulia usoni. Simenti inaziba uso huo, kwa hiyo maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea na chumvi inaganda nyuma ya lipu. Chembe zikikua zinaisukuma lipu mpaka itoke kama sahani. Chukua kipande kimoja kilichoanguka ukigeuze: ile ngozi yenye vitundutundu iliyong'ang'ania mgongoni si uchafu, ni ukuta wako. Simenti ni ngumu kuliko jiwe, basi ikitoka inatoka nalo.

Bandua kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine, upite nusu mita juu ya alama ya unyevu. Kwangua viungo vya mawe kina cha sentimita 2 hadi 3. Chumvi ipigwe brashi kavu, unga ufagiwe na utolewe nje siku hiyo hiyo. Usiioshe kwa maji, utakuwa unairudisha ndani ya ukuta. Kisha uache ukuta wazi kwa wiki kadhaa. Kiangazi cha kaskazi, Januari hadi Machi, ndicho kipindi kizuri, kabla ya mvua za masika.

Mchanganyiko ni debe moja la chokaa iliyolowekwa ikaiva (miezi 3 shimoni ni kiasi cha chini) kwa madebe matatu ya mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni usiulete kabisa, na maji ya kisima chenye chumvi vilevile: utajenga ugonjwa ule ule kwa mikono yako. Wala usichote kwenye vilima vya Shela, kule ndiko maji matamu ya mji yanakojikusanya.

Lowesha ukuta kwanza. Mashimo makubwa jaza kwa vipande vya matumbawe vilivyolazwa kwenye chokaa. Ukijaza chokaa peke yake itanywea na kupasuka. Tabaka lisizidi milimita 12. Likwaruze, liache wiki moja au zaidi mpaka ukucha usizame, ndipo upige la pili. Funika kwa magunia mabichi siku 4 au 5, kivulini, maana chokaa haikauki tu kama udongo: inakula hewa ili irudi kuwa jiwe, na bila unyevu hailiwezi hilo. Ikikauka mbio inabaki unga. Mwishoni paka chokaa nyembamba kama maziwa, mikono (tabaka) 3 hadi 5. Rangi ya plastiki inaharibu kazi yote.

karani_wa_urithi

Nijibu la kibali. Wengi wakisikia Makumbusho wanadhani ni jumba la vinyago, kumbe Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaipa taasisi hiyo ulinzi wa maeneo yaliyotangazwa kwenye gazeti la serikali, na eneo la Lamu ni miongoni mwao. Ndiyo taasisi ile ile inayohusika na Fort Jesus, Gedi na misitu ya makaya ya Wamijikenda. Hati ya nyumba inabaki yako, lakini namna ya kuibadilisha si yako peke yako.

Halafu msichanganye mambo: Lamu kuingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001 hakutoi kibali wala hakumkatazi mtu. Kinachokubana ni sheria ya Kenya.

Kwa hiyo ndiyo, pita ofisini hata kama ni lipu ya ndani. Peleka barua, ushahidi wa umiliki, picha za kila ukuta, mchoro wa nyumba ilivyo na utakavyofanya, na orodha ya vifaa. Orodha ya vifaa ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoamua mambo, kwa sababu neno "ukarabati" peke yake halisemi kama ni chokaa au simenti. Kama utagusa dari, ukuta mkuu, zidaka (vishubaka vya ukutani), mlango au urefu wa nyumba, uliza pia kibali cha ujenzi cha kaunti. Kimoja hakiondoi kingine. Na mkichimba shimo la choo mkakuta vitu vya kale, sheria inataka taarifa ifike Makumbusho ndani ya siku 7.

fundi_msumeno

Mimi sikubali kwamba simenti kidogo haina neno, maana wapo mafundi watakaokwambia hivyo. Kijiko kimoja kwenye debe hakikupi nguvu ya simenti wala upole wa chokaa. Inashika upesi, fundi analipwa anaondoka, kisha inameguka.

Boriti sasa. Usichomoe zote mbili pamoja. Egemeza dari kwa bao na nguzo pande zote mbili za boriti, na nguzo zisimame juu ya ubao mpana, zisitoboe sakafu. Dari ya zamani ni mawe na chokaa iliyopondwa juu ya boriti, ni mzigo mkubwa kuliko unavyodhani. Choma ncha kwa bisibisi: ikizama kama kwenye keki, imeoza au imeliwa na mchwa. Boriti mpya iwe ya mkoko uliokauka na kumenywa gome, ununue kwa mwenye kibali cha misitu. Iingie ukutani kama shubiri moja, na kichwa kiachiwe nafasi ya hewa. Ukikizika kwa simenti kitaoza upya.

ukuta_wa_mkomani

Shukrani nyote. Bafu je? Pale maji yanamwagika kila siku.

chokaa_na_kokoto

Bafuni usiuachie ukuta wa matumbawe upambane peke yake. Jenga kizingiti na mteremko wa sakafu kuelekea tundu, sehemu inayorushiwa maji iwe na ukuta mwembamba wa pili ulioachana na ule wa zamani, na hewa ipite katikati kwa matundu juu na chini. Huo wa pili unaweza kuuvisha vigae. Ule wa zamani usiuguse hata kwa msumari, na mchoro wa bafu uutie kwenye faili lile lile la Makumbusho.