Tupeane uzoefu: picha ya jino ilikuonyesha nini?

Mleta mada:
Salamu kwenu nyote. Kwa miezi miwili nililalia upande mmoja kwa sababu ya gego la chini kulia, na nilikwenda kliniki nikiwa nimekwisha kuamua kwamba ling'olewe. Daktari hakushika koleo. Alinipeleka kwanza kwenye eksirei, akaniwekea mdomoni kipande cha filamu cha takriban sentimita 3 kwa 4, ambacho pembe yake ilinichoma chini ya ulimi hadi machozi yakanitoka, akaniambia niume nisitikisike. Gego nililolishuku lilionekana zima. Jirani yake, lililozibwa miaka sita iliyopita, ndilo lililokuwa na kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, cha mviringo kama mbegu ya papai. Ningeng'oa jino lisilo na kosa na kurudi nyumbani na maumivu yale yale. Je, nani mwingine ameonyeshwa na picha jambo ambalo kioo hakikumwonyesha?

Mchangiaji kutoka Arusha:
Kwangu ilikuwa picha ya kamera tu. Nimekulia chini ya Mlima Meru, ambako maji yana floridi nyingi na wengi wetu tuna meno ya kahawia. Nilipovunjika jino la mbele, la bandia nililotengenezewa mara ya kwanza lilikuwa jeupe kama chokaa, na shangazi akaniambia kwamba nikifunga mdomo napendeza zaidi. Daktari wa pili alinivuta midomo kwa plastiki, akaweka kando ya meno yangu vibao vya kulinganishia rangi, akapiga picha karibu na dirisha na kumtumia fundi. Jino hili lina mawingu ya kahawia kama wenzake, wala hakuna anayeligundua.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi niliiogopa mionzi, nikakataa picha mara mbili.

Mchangiaji wa nne:
Ndugu yangu, nafanya kazi katika chumba cha eksirei na hofu hiyo naisikia kila siku. Picha moja ndogo ya jino kwa kawaida haifiki maikrosiveti 10 (hicho ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), ilhali mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na hata katika chakula, humpa mtu wastani wa maikrosiveti 2,400 kwa mwaka. Kwa hiyo ni kama mionzi ya siku moja au mbili za maisha ya kawaida. Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Ujerumani aliyejipiga picha ya meno Januari 1896, alilazimika kutulia kwa dakika 25, na leo haifiki sekunde moja. Hata hivyo haifai kupigwa bila sababu, na mjamzito aseme mapema.

Mchangiaji wa tano:
Kinachoniudhi ni kurudiwa. Kliniki moja ilikataa kunipa nakala, nikalipia picha ile ile kwingine wiki iliyofuata.

Mleta mada:
Mimi yangu niliiomba, nikaihifadhi kwenye simu, na imenifaa. Baada ya kusafishwa mzizi nilisubiri miezi sita, nikapigwa nyingine, na daktari akaziweka mbili hizo pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Mbegu ya papai sasa imekuwa punje ya ulezi.