Naomba ushauri: mama hali kitu tangu aanze kemo

Habari zenu ndugu. Mama yangu ana saratani ya titi. Juzi kamaliza dripu ya pili kati ya nne, ile dawa nyekundu inayogeuza hadi mkojo rangi, kila baada ya siku 21. Kutapika kumepungua, ila mdomo una vidonda na anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Uji wa ulezi, anaoupenda siku zote, anausukuma pembeni. Anakubali tikiti la baridi tu. Nywele alinyoa mwenyewe, hilo halimsumbui.

Mliouguza au kupitia haya, kipi kilipita kooni? Halafu shangazi kaleta mizizi ya kuchemsha. Nimeificha kabatini mpaka nimuulize daktari. Kaninunia. Nimwambieje?