Naomba ushauri: mpira wa gofu ufike shimoni kwa kasi gani?

Hamjambo wachezaji wenzangu wa Nairobi. Kuna wanaoniambia mpira ufie mdomoni mwa shimo, maana ukienda polepole upana wote wa milimita 108 unaupokea, hata ukiingilia ubavuni. Wengine wanamfuata Dave Pelz, mwalimu wa gofu wa Marekani: ukikosa, upite kama sentimita 43, usije ukapotoshwa na nyayo za watu karibu na shimo. Kwenye mteremko ndipo ninapokwama kabisa, kwa sababu mpira wa polepole hupinda sana, wa kasi hupinda kidogo. Asubuhi grini (sehemu za nyasi fupi zenye shimo) zina umande, mchana zimekauka. Je, mnachagua kasi kwanza ama mstari wa kupitisha mpira? Makedi, wabeba mifuko yetu, pia mtusaidie, tafadhali, nyinyi mnazijua grini hizi kuliko sisi.