Mjadala: Je, Kilwa Kisiwani iliasisiwa na Washirazi?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mbele yetu ni ya tangu zamani: kwamba Kilwa Kisiwani, mji uliotamalaki biashara ya dhahabu ya pwani hii, uliasisiwa na wahamiaji wa Kishirazi kutoka Uajemi, na kwamba wenyeji walipata ustaarabu kwa kuwaiga. Wapo wanaoimeza hoja hiyo nzima, na wapo wanaoikataa hadi kudai kwamba hakuna Mwajemi aliyepata kuoa pwani hii. Mimi nasema mji ni wa wenyeji, ila siwaungi mkono wanaomfuta mgeni katika habari zake.

Watetezi wa Washirazi hutegemea zaidi tarehe ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya habari za mji na watawala wake, ambayo imetufikia kwa Kiarabu na pia kwa Kireno katika maandishi ya mwanahistoria Mreno João de Barros ya mwaka 1552. Naomba isomwe kwa utulivu, maana ushahidi wake unaelekea upande mwingine. Inaeleza kwamba wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari pamoja na wanawe, na msikiti ukiwapo. Huyo ndiye aliyewaarifu kwamba kisiwa kina mfalme wake, ambaye wakati ule alikuwa amekwenda kuwinda bara, na ndiye aliyekuwa mkalimani wao mfalme aliporudi. Mfalme akakubali kukiuza kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Hata tukiichukua habari hii kama ilivyo, bila kuuliza ni kiasi gani kilitiwa chumvi na watawala waliotaka kujipatia nasaba tukufu, bado tunabaki na kisiwa chenye watu, mfalme, msikiti na mtu ajuaye lugha mbili, vyote vikiwa vimetangulia kufika kwa Ali bin Hassan, anayetajwa kuwa kiongozi wa wageni hao wa Kishirazi.

Udongo nao unasema hivyo hivyo. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulionyesha makazi yaliyoanza takriban mwaka 800, nyumba zikiwa za miti na udongo, na sehemu kubwa ya vyungu ikiwa imefinyangwa papa hapa pwani. Wataalamu wanapishana kuhusu wakati wa Ali bin Hassan, wengine wakimweka karne ya 10, wengine ya 11 au 12, lakini kwa hesabu yoyote kati ya hizo anakuta kijiji ambacho kimekwisha kuishi vizazi kadhaa.

Nakuja kwenye majengo, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hutekwa macho. Atazamaye kuta za Kilwa ataona mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yenyewe. Mihrabu na nakshi zilichongwa kwa tumbawe laini lililotolewa baharini na kukatwa likiwa bado bichi, kabla halijakauka na kuwa gumu. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana unaozidi urefu wake. Huo ni ufundi wa watu wanaoijua bahari yao na mikoko yao.

Ninakubali kwamba Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, lina ramani inayokumbusha makasri ya nchi za Kiislamu za mbali. Lakini kasri hilo linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambaye msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alimkuta akitawala mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu, naye alikuwa wa ukoo wa Mahdali, uliojinasibisha na Yemen. Kulitaja kama kazi ya Washirazi ni kuchanganya nasaba mbili. Aidha, utajiri uliolijenga ulitokana na dhahabu iliyochimbwa na Waafrika wa bara na kupitia Sofala, bandari iliyo kusini, katika Msumbiji ya leo.

Kwa wale wanaomkana Mwajemi kabisa, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, ukihusisha mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo, unawapinga waziwazi. Umeonyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika, na kwamba kwa wengi wa watu waliochunguzwa katika miji hiyo zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama. Wageni waliingia katika koo za wenyeji, na watoto wakalelewa kwa lugha ya mama zao.

Basi nawaomba wanaoshikilia kwamba Washirazi ndio waasisi wajibu jambo moja kwa ushahidi: watu waliokuwa wakifinyanga vyungu Kilwa tangu karibu mwaka 800 walikuwa nani, na kwa kigezo gani makazi yao hayahesabiwi kuwa mwanzo wa mji?