Tupeane uzoefu: mzee anaona pembeni, katikati haoni

Wakuu, naanza na yangu. Baba ana miaka 74, tunaishi Nkuhungu, Dodoma. Majirani walilalamika anawapita bila salamu. Nami nikadhani ni kiburi cha uzee, maana njiani bodaboda anazikwepa, hata kuku akikatiza pembeni anamwona. Siku moja nikamsema. Akanijibu, "Mwanangu, nikikutazama usoni naona wingu. Nikitazama sikio lako, ndipo uso naupata kidogo." Iliniuma sana.

Tulidhani ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji yaishe. Daktari wa macho akamtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia ndani: lenzi safi, yaani si mtoto wa jicho; kilichochakaa ni makula, ile sehemu ndogo katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunayosomea na kutambulia sura. Ni aina kavu, inakwenda polepole. Sigara aache. Giza totoro halitamfika, pembeni panabaki. Wenye wazee kama huyu, mnaishije nao?

Wa Kongwa: Huku trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza, imetutesa mno, kila jicho bovu tunalipa jina hilo. Bibi tulimpaka mafuta ya tetrasaiklini wiki nzima, wakati macho hayawashi, hayana tongo, na kope hazichomi.

Wa Singida: Mama makula yake ilipata aina ile nyingine, ya majimaji. Alisema mistari ya alizeti imepinda, mara fremu ya mlango imejikunja. Tukapuuza, na hilo sitalisahau. Mishipa mipya ya damu huota chini ya retina ikavuja. Jicho la kulia likapoteza katikati ndani ya wiki chache. Tiba ni sindano ndani ya jicho, tena za kurudiarudia, na kovu likishaingia hazilifuti. Sasa kila asubuhi anafunika la kulia, anatazama kwa la kushoto karatasi ya miraba niliyobandika ukutani. Mistari ikipinda, siku hiyohiyo tunapanda basi.

Wa Area C: Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe babu alikuwa anaupapasa. Tukanunua sahani za bluu, taa tukaishusha karibu na meza. Noti ya elfu kumi anaikunja mara mbili, ya elfu tano mara moja. Na sisi tunajitaja jina kwanza, shikamoo baadaye.

Mwanzisha mada: Hilo la jina nimewaeleza majirani. Jana mmoja kajitaja tangu getini. Baba kamjua, kamvutia kigoda, wamekaa nje mpaka magharibi.